Mstari Ulionyooka Mno

Kwa dakika arobaini kipimo cha maji cha boila namba mbili kilikuwa kimeng'ang'ania asilimia hamsini na moja, na Ardith Kowalchuk hakupendezwa. Huo ulikuwa mwaka wake wa thelathini na moja akiwa fundi wa vipimo, na sasa pia kiongozi wa zamu, katika kiwanda kimoja cha karatasi kaskazini mwa Alberta, Kanada. Asubuhi hiyo nje kulikuwa na baridi ya nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri.

"Dwayne, hebu tazama huo mstari kwenye skrini," alimwambia mwendesha boila. "Umenyooka mno."

"Si ndiyo raha yenyewe? Maji yametulia. Kunywa kahawa yako, bibi."

"Maji yanayochemka hayatulii hivyo. Kipimo cha pili je?"

"Hamsini na moja vilevile."

Vipimo vyote viwili vilipata presha ya maji kupitia vijibomba vyembamba vilivyopita katika kabati moja, ukutani nje, lenye hita yake ya kuzuia barafu. Ardith aliweka kikombe chini, akapanda ngazi za chuma mbio hadi kwenye kioo cha kuonea maji. Akafungua koki ya chini kukisafisha, akaifunga, akangoja kioo kijae.

Hakikujaa. Kilikuwa na mvuke mtupu.

Akashika redio. "Zima moto. Boila haina maji."

"Naongeza maji sasa hivi."

"Usiguse maji, Dwayne. Mabomba huenda yameshakuwa mekundu kwa joto. Ukiyamwagia maji tunalipuka sote. Zima moto tu."

Ardith akakamata reli kwa mikono miwili. Kisha ngurumo ya moto chini ya miguu yake ikaanza kufifia.

Boila ilipoa kutwa nzima. Mabomba mawili yalikuwa yamepinda, hakuna aliyeumia. Kabatini, vijibomba vilikuwa vimeganda barafu, vipimo vikabaki palepale huku maji yakiisha, na hita ilikuwa imekufa zamani, waya zake zimeliwa na kutu. Fomu ya ukaguzi ya Oktoba ilisema hita ni nzima, na sahihi ilikuwa ya Ardith. Aliikumbuka siku ile: theluji, haraka, mlango wa kabati hakuufungua.

Akaandika hivyohivyo kwenye ripoti. Dwayne aliisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Futa hapo, mama. Umetuokoa. Nani atakuuliza?"

"Wewe utakaa karibu na boila hii mwakani. Utaiamini sahihi ya nani?"



Ardith alipewa barua ya onyo, akavuliwa uongozi wa zamu hadi kiangazi. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Wiki iliyofuata alizunguka kabati zote za nje, akigusa kila hita kwa kiganja. Ya nne aliikuta baridi.