Jani la Isale Darasani

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, halafu nikatolewa kwenda kuchuma kahawa. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia nikaseme na wanafunzi wake, nilicheka mpaka meno ya bandia yakalegea. Yeye ni mwalimu wa chuo cha biashara hapo Arusha mjini. Anafundisha maadili, yaani mfanyabiashara aishi vipi na majirani zake.

"Bibi, uwaeleze tu habari ya isale. Vile mnavyosameheana."

"Na wakiniuliza kwa Kiingereza?"

"Si nitakuwepo."

Huku kwetu kijijini Akheri, mmea wa isale hupandwa mipakani mwa mashamba. Aliyekosa huchuma jani lake, akalifunga fundo, akaja nalo kwa aliyemkosea. Kulikataa ni laana. Ukilipokea umesamehe, na neno lile hulifukui tena.

Mwaka mmoja kabla ya mwaliko huo, shamba kubwa la mboga lililo juu yetu lilitia bomba kwenye banio la mfereji wetu, pale maji yanapoingilia. Maji yakawa yanatufikia kama machozi, migomba ikapinda shingo. Kaya zote za mfereji ule ninazo kichwani kwa mpangilio wa zamu za maji, jina kwa jina, maana zamani msimamizi wetu hakujua kuandika, mimi ndiye niliyekuwa daftari lake. Majina hapa siyaandiki. Wengine bado tunasali benchi moja. Tulikubaliana asiende mtu peke yake kwa wenye shamba. Twende ofisi ya maji wote, mimi mbele kwa kuwa ndiye mkubwa.

Zikiwa zimebaki siku tatu, mjukuu wangu akaja na jani mkononi, limefungwa fundo. Kumbe alikuwa na kazi ya pembeni kwa wale wenye shamba, ya kusema na majirani. Akapiga magoti jikoni kwangu, kwenye majivu, na sketi yake nzuri.

"Bibi, wamenituma. Wanasema wamekosa. Maji watafungua."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Huyu nilimlea tangu mama yake afariki. Nikapokea. Aliyekosa huja mwenyewe, tena huja akiwa ameshaacha kukosa; hilo nilifundishwa kabla sijaota meno ya pili. Siku ile nililisahau, au nililisukuma kando, sijui.

Safari ya ofisini ikafa. Wangeendaje, na mkubwa wao amesamehe? Na maji hayakufunguliwa. Jirani anayenifuata kwenye zamu, mwanamke mwenzangu tuliyezalishana watoto, alikuja mara moja tu.

"Umesamehe na ya kwangu?" akauliza. Chai hakunywa.

Basi nikakaa mbele ya darasa, kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu kilichotaka kunitorosha. "Shikamoo Bibi!" wakaniamkia kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Nikaeleza, wakaandika. Mara ukutani ikatokea picha ya jani langu, juu ya meza yangu, na Kiingereza chini yake. Sikujua kama lilipigwa picha. Nikamwuliza binti wa mbele imeandikwa nini.

"Namna ya kupatana na jamii inayokuzunguka, Bibi."

Msichana mmoja wa nyuma, amejifunga mtandio, akanyoosha mkono. "Bibi, shikamoo. Hao walioleta jani, maji waliyarudisha?"

Mjukuu wangu alikuwa amesimama kando ya ubao, anaangalia kalamu yake. Nikisema hapana, nitaulizwa nani alilileta jani lenyewe. Na nikishasema, nani tena atamwita mwalimu wa maadili?

"Tulisameheana," nikajibu.

"Sawa, Bibi. Lakini maji?"

"Mwanangu, ukishapokea jani huulizi tena."

Wakacheka, wakapiga makofi. Yule msichana hakupiga.

Tulipoacha lami, kwenye gari lake, mjukuu wangu akasema, "Asante, Bibi." Nikamwambia aniteremshe palepale, nitapanda kwa miguu.

Njia ile inafuata mfereji. Nilipita kwenye mashamba kuanzia la mwenye zamu ya mwisho, nikiwataja moyoni mmoja mmoja kama zamani. Ndani ya mfereji mlikuwa na majani makavu ya mgomba na kandambili moja ya mtoto. Nikafika mpakani kwa mwenzangu. Isale yake imestawi, haijali ukame. Nikalishika jani moja, nikaanza kulikunja. Halafu nikakumbuka nimetoka kukosa tena, mchana huohuo, mbele ya darasa zima.

Alikuwa uani anapepeta maharage. Akaniona.

"Unatafuta nini mpakani kwangu?"

"Napumzika tu, mama."

"Haya. Pumzika."

Akaendelea kupepeta. Nikaliachia jani, nikapanda kwangu.