Nywele za Madhukar

Mdogo wangu Madhukar alitazamwa na nchi nzima na hakuna aliyemjua. Msidhani natia chumvi. Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa mgongo wa Shekhar Bahl, steringi mkubwa kuliko wote wa zamani zetu. Shekhar akipanda farasi kwenye picha, aliyepanda ni Madhukar. Shekhar akiruka kutoka paa moja hadi jingine, aliyeruka ni Madhukar, na aliyerudi mtaani kwetu Lalbaug na goti limevimba kama tikiti ni Madhukar huyo huyo. Kamera ikisimama, mdogo wangu anasogezwa pembeni, Shekhar anakuja amepuliziwa maji ili aonekane ana jasho, anageuza uso, na sinema nzima inalipuka kwa miluzi.

Kilichompa kazi ile ni mabega na nywele. Vinyozi wote wa mtaa wetu walikuwa wamebandika picha ya Shekhar kwenye vioo, na kila kijana alizitaka nywele zile: ndefu mpaka kwenye kola, zimegawanywa upande wa kushoto, shungi moja linaanguka jichoni. Madhukar alizaliwa nazo. Mimi ndiye niliyezipaka mafuta ya nazi tangu akiwa mtoto, maana Aai, mama yetu, alikuwa na kazi ya kupika na macho yake yalianza mapema kuingia ukungu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kichwa changu kinashika mambo, na haya nayaandika kama yalivyotokea.

Baba alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Kila picha ya Shekhar ikitoka, alikuwa mtu wa kwanza kukaa kiti cha mbele kabisa, na hakuweza kunyamaza.

"Huyo! Huyo anayeanguka ni wangu!"

"Mzee, kaa chini, anayeanguka ni Shekhar Bahl," mtu wa nyuma akamwambia siku moja.

"Shekhar wako hawezi kuanguka hata kitandani. Mgongo ule nimeusugua mimi kwa sabuni, nitaukosaje?"

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini tukirudi nyumbani alikuwa akimwambia Madhukar maneno yale yale: "Mwanangu, mgongo nimeushiba. Sasa nionyeshe uso."

Basi mwaka ule, kabla ya mvua, Bwana Talwar aliyekuwa akiongoza picha mpya ya Shekhar alimwita Madhukar. Akamwambia kwamba kuna kuruka kumoja kwa hatari, kutoka darajani mpaka mtoni, na asingemwamini mtu mwingine. "Ukinimalizia hilo, Madhu, nakupa uigize tarishi, uso mbele ya kamera." Tarishi yule alikuwa anamletea steringi barua kwamba baba yake anaumwa. Sentensi zake zilikuwa tatu tu: "Barua yako, bwana. Inatoka kijijini. Kaa chini kwanza, ndipo uisome."

Mimi niliyajua maneno yale kuliko sala. Kila jioni Madhukar aliyasema kwenye veranda yetu ndefu, vyumba ishirini vikisikiliza, na Baba ndiye aliyepokea barua. Aai akikanda unga mlangoni alikuwa akiuliza, "Mbona unamwambia akae chini, kwani hana akili ya kukaa mwenyewe?" Na Baba anajibu, "Nyamaza, mama Sumati, mwanao ana huruma. Hao matarishi wengine wanakutupia barua usoni." Sumati ni mimi.

Baba alikufa Jumanne asubuhi mwezi wa sita, mvua ya kwanza ikinyesha. Kifua tu. Alikunywa chai nusu kikombe, akashika ukingo wa kitanda, basi.

Kwetu anayewasha moto wa kumchoma baba ni mtoto wa kiume, na kabla ya kuuwasha ananyolewa kichwa chote, na masharubu pia. Madhukar alikuwa wa kiume peke yake. Pandit, kuhani wetu, alikuja na kinyozi, kinyozi akakunjua kitambaa chake pale kwenye veranda, akaloweka wembe. Watu wa jengo zima wamesimama. Maiti imelala chumbani na maua yake.

Madhukar akasema, "Siwezi."

Tukadhani ni majonzi. Shangazi akamshika mkono, "Kaa mwanangu, ni dakika tano."

"Shangazi, siwezi kunyoa. Picha iko katikati. Nikinyoa, nani ataruka?"

"Kuna nywele za bandia," nikamwambia.

"Dada, zilijaribiwa kwa mwenzangu. Farasi alipokimbia zikageuka nyuma mbele, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Na huku ni majini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikinyoa hakuna kuruka, na bila kuruka hakuna tarishi. Baba mwenyewe alitaka—"

Sikumwacha amalize. Nilimwambia mbele ya vyumba ishirini, "Baba amelala humo, unamfanya sababu? Sema unazipenda nywele za Shekhar kuliko baba aliyekuzaa." Mwanamke wa chumba cha pili akaongeza, "Mwacheni, steringi huyo, labda atasaini picha." Mtu akacheka. Kwenye msiba wa baba yangu mtu alicheka, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Akanyolewa Dattaram, mtoto wa baba mdogo. Dattaram akatangulia na chungu cha moto, na Madhukar akafuata nyuma ya watu, amefunga kitambaa kichwani kuficha nywele. Sisi wanawake hatuendi kule, lakini niliambiwa alisimama mbali, mvuani, mpaka majivu yakapoa.

Siku ya kumi tulikwenda kwenye bwawa la Banganga kumpa kunguru chakula. Hayo hayana mzaha kwetu. Unaweka donge la wali juu ya jiwe, na kunguru akiligusa, marehemu ameridhika, ameondoka. Asipoligusa, kuna jambo linalomshika. Hapo jamaa wanaahidi kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka kunguru ashuke.

Kunguru walikuwepo. Walijaa ukutani, wamelowa, wanatutazama. Shangazi akaahidi kwamba Aai hatalala njaa. Kimya. Dattaram akaahidi kutengeneza paa la nyumba ya kijijini. Kimya. Mimi nikaahidi kumtunza Aai mpaka mwisho. Kunguru mmoja akajikuna bawa.

Pandit aligeuka akamtazama Madhukar. Tukageuka sote.

"Sema utanyoa," Shangazi akamnong'oneza. "Sema tu, hata leo, kinyozi yuko pale."

Madhukar akasogea mpaka kwenye jiwe, akasema kwa nguvu, "Baba, uso wangu utauona. Naahidi."

Kunguru akashuka. Naapa alishuka, akatembea kwenye jiwe hatua tatu, akainamisha kichwa kwenye wali. Halafu akaruka akaondoka bila kugusa.

Tulingoja mpaka adhuhuri. Mwishoni pandit akasokota kunguru wa majani makavu, akamgusisha kwenye donge kwa mkono wake, ikahesabika. Njiani kurudi sikusema na mdogo wangu, na nilikaa wiki sita bila kusema naye, katika chumba kimoja, nikimsukumia sahani kwa mguu. Nina moyo mgumu, nilizaliwa nao.

Wiki hizo sita hakuruka. Mvua ilijaza mto, daraja halikufikika, kila siku aliambiwa kesho. Kila asubuhi alichana nywele zile mbele ya kioo, shungi jichoni, na watoto wa veranda wakimwita "Mwana wa Shekhar." Alikonda. Aliacha kuyasema maneno ya tarishi.

Halafu baba yake Shekhar Bahl akafa.

Asubuhi moja gazeti lilikuwa limetandazwa kwenye kibanda cha chai, na ukurasa wa mbele ulikuwa na Shekhar, kichwa kimenyolewa kinang'aa, amekunja mikono. Mwana mwema, waliandika. Ameacha kila kitu kwa ajili ya baba. Muuza chai alikuwa analia. Nikalinunua nikalipeleka nyumbani, nikaliweka juu ya kitanda cha Madhukar bila neno. Nilitaka aumie. Nisiseme uongo leo.

Akalichukua. Akasema, "Sasa wataningojea nini?"

Hawakumngojea. Bwana Talwar hakutaka kukaa miezi bila kazi nywele za steringi zikiota, kwa hiyo akabadilisha hadithi. Sasa baba wa steringi anauawa mapema, anafia mikononi mwa mwanawe, mwana ananyoa, anawasha moto, analipiza kisasi na kichwa kitupu. Na kama steringi ana kichwa kitupu, mgongo wake pia.

"Na tarishi?" Madhukar alimuuliza. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Tarishi wa nini, Madhu? Baba anakufa mbele ya macho yake. Barua ataandikiwa na nani?"

Kinyozi wa studio akamkalisha kwenye kiti cha kukunja. Ilikuwa dakika tano, kama alivyosema Shangazi.

Alirudi saa kumi jioni. Mimi nilikuwa napepeta mchele mlangoni, nikainua macho, ungo ukanitoka. Aai, ambaye wakati huo alikuwa anaona mwanga na kivuli tu, alisikia hatua zake, akanyoosha mkono kama kawaida yake kumgusa. Akagusa ngozi.

Akapapasa kichwa chote, mbele, nyuma, masikio. "Umemnyolea baba yako," akasema. "Mwanangu. Umechelewa, lakini umemnyolea. Nilijua. Niliwaambia wote."

Madhukar akanitazama juu ya bega lake. Sijaona macho ya namna ile, wala kwa ng'ombe aliyefungwa. Alikuwa ananiachia mimi niseme.

Nikasema, "Ndiyo, Aai. Leo asubuhi." Ndilo neno la kwanza nililotamka kwa ajili yake baada ya wiki sita.

Wiki iliyofuata wakapiga picha ya moto. Shekhar hakutaka kukaribia, alisema moshi unamharibu macho, kwa hiyo aliyewasha ni Madhukar. Juu ya kuni aliwekwa mtu wa majani amefunikwa shuka. Mmoja wa vijana wa taa, anayeishi mtaa wetu, alituletea habari kabla Madhukar hajafika. Alisema Madhukar aliwasha kama alivyoambiwa, lakini Talwar alipopiga kelele wasimamishe, hakusimama. Akachukua chungu cha maji begani, akazunguka mara tatu kama mwana anavyomzungukia baba, akakivunja nyuma yake, halafu akarudi kwenye moto, anausukuma kwa mikono mitupu, anaita, "Baba! Baba!" Watu wanne ndio waliomvuta. Na Talwar, kamera ikiwa haijazimwa, akasema, "Vizuri sana. Hatuhitaji kurudia."

Vidole vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Hakuna anayemtaka steringi ambaye mgongo wake hauwezi kushika hatamu. Kutoka daraja lile aliruka mtu mwingine. Madhukar aliingia kiwandani alikokuwa Baba, akawa anafagia pamba chini ya mashine, na kila Jumamosi mpaka siku aliyokufa, ambayo haikuwa mbali, alinyoa kichwa.

Picha ilipotoka, Madhukar akiwa bado hai, Aai alitaka kwenda. Tulimwambia hataona kitu. Akasema, "Nitasikia. Baba yenu amenituma." Tukakaa viti vya mbele kabisa, Aai katikati. Moto ulipowaka, sinema nzima ililia, wanaume wazima wakamwita Shekhar kwa jina. Mgongo ulikuwa pale, mkubwa kama ukuta, unatetemeka, ukizunguka na chungu. Mimi nilikuwa naujua kila mfupa. Kisha picha ikakatwa, ukageuka uso, ukawa wa Shekhar, machozi yamepangwa vizuri.

Madhukar alikuwa ameficha mkono wake kwapani. Hakutazama.

Aai akaniinamia. "Sumati, ile barua ataileta saa ngapi? Nisije nikasinzia."

"Bado, Aai," nikamwambia.

Kila baada ya muda akaniuliza, nami nikamjibu bado, bado kidogo. Taa zikawashwa, watu wakaanza kuondoka wakipangusa macho, wafagiaji wakaingia. Aai alikuwa bado amekaa wima, uso ameuelekeza kwenye kitambaa cheupe, anasikiliza.