Hisa Elfu Moja Mia Nne na Saba

Mtaa mzima humwita Shangazi, lakini hakuna anayefika kumwamkia kama shangazi. Wanakuja kupimwa, wanakuja kuchukua nguo, wanaomba wapunguziwe bei, basi.

Ni mshonaji. Chumba chake cha kazi kina cherehani moja, meza ya kukatia, na kiti cha mteja ambacho siku nyingi hukaliwa na vitambaa. Miaka kumi na miwili iliyopita alinunua hisa za kiwanda cha nyuzi kwa sababu moja tu: uzi wao haukatiki. Mwanamke na akili zake timamu, alichagua kampuni kwa kuvuta uzi kwa meno. Tangu nyuzi za bei rahisi zianze kuingia kutoka nje, hisa hizo zimekuwa zikishuka tu.

Daftari lake la vipimo huanza na vifua na viuno vya wateja. Ukiligeuza, nyuma kuna bei ya kila siku na idadi ya hisa zilizouzwa. Saa tisa alasiri, soko likishafungwa, simu hulia. Ni Posta, mstaafu wa posta waliyejuana naye kwenye mkutano wa wenye hisa, Posta alipomwachia mwavuli wa mwisho kati ya ile iliyogawiwa bure. Macho ya Posta yameingia ukungu, kwa hiyo Shangazi ndiye humsomea namba. Posta ana hisa elfu moja mia nne na saba. Kampuni iliwahi kutoa hisa moja ya bure kwa kila ishirini, hesabu yake ikaangukia hapo, na hizo saba za mwisho huzitania kila wiki kana kwamba ni wajukuu.

Husoma soko pamoja. Bei ikishuka na hisa nyingi zikiuzwa, ni wakubwa wanawatisha wadogo. Ikishuka na chache zikiuzwa, wauzaji wamekwisha. Ikisimama, inapumzika. Hawakukosa la kujipa moyo hata siku moja. Na tuseme ukweli, Shangazi hakuwa akisubiri bei. Alisubiri simu. Tangu asubuhi hadi jioni, hiyo ndiyo sauti pekee iliyomuuliza kama amekula.

Mwezi uliopita zikapita siku sita bila kuuzwa hata hisa moja. Posta akasema sasa wauzaji wamekwisha kabisa. Shangazi akapiga moyo konde. Alikuwa amelipwa fedha za sare za shule, akamwagiza wakala wake amnunulie hisa elfu mbili, Posta asijue. Alitaka siku bei itakapopanda amwambie, kaka, nilikutangulia.

Alhamisi wakala akampa taarifa: amepata elfu moja mia nne na saba tu, hakukuwa na muuzaji mwingine. Shangazi akafungua taarifa ya soko. Hisa zilizouzwa leo, elfu moja mia nne na saba. Katika miaka yote ya kusoma namba, hiyo ndiyo ya kwanza aliyoielewa sawasawa. Hakuwaza fedha. Aliwaza kwamba Posta hana tena sababu ya kupiga simu, na akaogopa.

Simu ililia ikiwa imechelewa nusu saa.

"Kuna mtu kanunua leo, dada," Posta akasema. "Wakubwa wameanza kuingia."

Shangazi alikuwa bado hajamsomea chochote.

"Na aliyeuza je?"

Redio ya nyumbani kwa Posta ikasikika ikizimwa.

"Labda ana shida," akasema. "Labda macho yake yanataka upasuaji. Mambo ya watu huwezi kuyajua."

"Labda. Mtu akiwa na shida huuza. Mimi simlaumu."

Posta akakohoa, akamuuliza kama amekula. Shangazi akasema amekula, na hakuwa amekula.

Ijumaa saa tisa aliketi mezani, simu mbele yake, mkasi mkononi, na hakukata kitu. Bei ilikuwa imeshuka tena. Saa tisa na robo ikapita. Saa tisa na nusu ikapita. Akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Saa kumi kasorobo simu ikalia.

"Haya dada, nisomee," Posta akasema. "Zetu zimeendaje leo?"

Shangazi akavuta daftari, akamsomea namba moja moja, polepole, ili asimalize haraka.