Programu Yangu Ilipojibu "Ndiyo" Baruti Zikisubiri

Jamani, leo nusura nimlipue Baba Doto, mchimbaji wetu, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Ninyi wenzangu wa mgodini mnaosoma hapa kwenye kompyuta mnajua: kabla baruti hazijawashwa, kompyuta hutuuliza maswali kumi na mawili, na lazima mtu akae aijibu.

Mimi mvivu, nikaandika programu inayoiwasha ile programu ya zamani ya maswali na kuijibu yenyewe.
Nikailea kama mama alivyonilea: mkubwa akikuuliza, itikia ndiyo.

Wiki nzima ikajibu vizuri. Nikawa natamba, kikombe cha chai mkononi.

Leo likaja swali ambalo halijawahi kuulizwa: "Mtu mmoja hajatoka shimoni. Tuendelee?"

Ikaitikia ndiyo.

Printa ikatoa kibali. Nikakisaini bila kusoma, kikapelekwa kwa walipuaji.

Mama Kulwa wa chumba cha simu ndiye aliyeisoma nakala.
"Baba Neema, huyu mmoja ni nani?" akaniuliza.

King'ora cha kwanza cha kuonya mlipuko kikalia.

"Piga simu shimoni, mama! Wasimamishe!"

Akapiga, akatoa agizo. Mimi nikamwaga chai kwenye kibodi.

Tukasubiri. Sikusikia mlipuko, lakini simu nayo ilikuwa kimya.

Hatimaye ikalia. Baba Doto amepatikana chini kabisa, anatafuta koleo lake.

Sasa programu ikikutana na swali geni inanyamaza na kuniita. Nichekeni tu, nimestahili.

Baba Doto alipopanda juu amenuna, nikamwamkia shikamoo, ingawa nimemzidi miaka kumi.

Akaitikia marahaba, wala hakutabasamu.