Neno la Siri la Opareta

Zamani, kabla simu hazijaanza kukaa mifukoni mwa watu, mji mzima uliunganishwa na mtu mmoja. Alikaa kwenye chumba chenye dirisha dogo, nyuma ya jengo la ofisi za serikali, masikio yameminywa na vipokea sauti, vidole vikichomeka na kuchomoa nyaya. Watu walimwita Opareta, na jina likamganda hata baada ya kustaafu. Namba za simu alizijua kwa kichwa, na sauti za watu alizijua kuliko namba. Ukisema "halo" tu, ameshajua wewe ni nani, una hasira au una mafua, na ofisi unayoitaka ni ipi. Siri alizozisikia kwenye nyaya zile zingeweza kuvunja ndoa za nusu ya mji, lakini hakuna hata moja iliyovuka meno yake.

Kwa kuwa aliongea kutwa nzima, alirudi nyumbani hana neno la kusema. Mkewe akamwita Bubu wa Nyumbani. "Wenzangu wameolewa na wanaume," alikuwa akiwaambia majirani, "mimi nimeolewa na simu iliyokatika." Opareta alicheka kwa mabega tu, akaendelea kumenya chungwa, na kipande cha kwanza akampa yeye.

Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Wa kike, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alisomea kompyuta akaajiriwa na kampuni inayotengeneza wasaidizi wa sauti, vile vispika vidogo unavyoviuliza jambo vikakujibu, na ukiviambia vikupigie simu vinapiga. Siku alipomweleza baba yake kazi hiyo, mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mmenitengeneza mimi," akasema, "ila huyu hali wala halali."

Mama alipofariki, kumbukumbu za Opareta nazo zilianza kuaga moja moja. Mwanzo zilikuwa mambo ya kuchekesha: chumvi kwenye chai, miwani ndani ya kiatu. Baadaye kicheko kikakauka. Alianza kumuuliza Kitinda mama yake amekwenda wapi, na binti akiambiwa na moyo wake aseme ukweli, ulimi ulikataa. Kila mara alimjibu kwamba mama amepumzika.

Kaka yake Kitinda aliishi mji mwingine na familia yake. Binti ndiye aliyebaki na mzee, na kila asubuhi ilimpasa kwenda kazini. Akaleta kispika kimoja kutoka ofisini, akakiweka juu ya kabati la sebuleni. Kilimkumbusha mzee dawa, kilimsomea habari, na akikiambia, "Nipigie binti yangu," kilimpigia. Mzee alikizoea upesi. Alizungumza nacho kwa adabu ileile ya kazini, kana kwamba upande wa pili kuna kijana anayejifunza kazi naye ni mkubwa wake.

Balaa ilikuja mchana mmoja. Mwanamume asiyejulikana alisimama kwenye dirisha la sebule wakati mzee amelala chumbani, akakiuliza kile kispika nani yupo nyumbani, binti hurudi saa ngapi, na ufunguo wa akiba huwekwa wapi. Kispika, ambacho kilitunza hayo yote ili kumkumbusha mzee na hakikufunzwa kumshuku mtu, kilijibu yote. Bahati nzuri jirani yao mshonaji, mama mtu mzima aliyetandaza kazi zake barazani, alimwona, akamfukuza kwa mkasi mkononi na maneno makali kuliko mkasi.

Kaka mtu aliposikia, aliwaka kwenye simu. Alisema kidude hicho ni mdaku, na kwamba dada yake amemweka mzee uchi mbele za watu. "Kitie kufuli," alisema. "La sivyo nakuja kukitupa mwenyewe."

Kitinda hakubisha, kwa kuwa kaka yake alikuwa na haki. Siku ya mapumziko alifungua kompyuta mezani, baba yake akavuta kiti karibu. Akamweleza kadiri alivyokuwa akiandika. Kuanzia sasa kispika hakitajibu kitu hadi mtu ataje neno la siri. Neno hilo litapelekwa kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni, likilingana na lililohifadhiwa, seva itatoa tokeni, yaani kibali cha muda. Baada ya hapo, kila ombi litaonyesha kibali hicho, bila kurudia neno lenyewe. Muda ukiisha kibali kinakufa, mtu anaulizwa upya.

"Kama mgeni wa ofisini," mzee akasema. "Akijitambulisha getini anapewa kadi ya kuvaa shingoni. Jioni kadi inarudi."

"Ndiyo hivyo hivyo, baba."

"Na hiyo kadi umeipa muda gani?"

Alimwambia ni muda mfupi, kwa sababu kazini kwao tokeni inayoishi sana ni sawa na ufunguo uliosahauliwa mlangoni. Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Huo ulikuwa utaratibu anaouheshimu. Kisha akaulizwa neno lenyewe liwe lipi. Alifikiri, mabega yakaanza kutikisika.

"Andika bubu wa nyumbani," akasema. "Mama yako alihakikisha sitalisahau."

Kwa majuma kadhaa hakulisahau kweli. Kisha Kitinda akaanza kumkuta jioni amekaa kimya mbele ya kabati, redio imezimwa, chai imepoa. Akimuuliza, mzee alisema leo laini ni mbovu. Siku moja binti alifika mapema akasimama mlangoni akamsikia. Alikuwa akijaribu maneno. Alitaja majina ya wenzake wa kazini waliokwisha kufa, akataja mtaa aliozaliwa, akataja jina la mkewe taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Kila mara kispika kilimjibu kwa sauti ileile tamu: "Samahani, sijakutambua."

"Si kosa lako," mzee akakiambia.

Kitinda aliingia, akalitaja neno kwa niaba yake, akaenda jikoni akashika ukingo wa sinki hadi machozi yakapita. Aliona wazi la kufanya. Angerefusha muda wa tokeni, na simu ya kuomba msaada angeiondoa kabisa nyuma ya kufuli, ipigwe bila kuuliza mtu ni nani. Lakini kazini kulikuwa na mradi unaofikia tamati, na kazi ya nyumbani ilitaka utulivu. Akajiambia atafanya siku ya mapumziko. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lile tumbo lilikuwa lake.

Mzee alianguka katikati ya wiki, mchana, kati ya kiti na kabati. Mshonaji alieleza baadaye kwamba alisikia mazungumzo sebuleni, mzee akisema kwa upole, "Niunganishe na binti yangu, tafadhali," na sauti ya kike ikimjibu. Akadhani binti mwenyewe yuko kwenye simu. Akaendelea kushona. Jua lilipogeuka upande wa baraza lake ndipo ilipomjia kwamba maneno ni yaleyale tangu mchana. Alimkuta chini, nyonga imevunjika, midomo imekauka, bado anaomba kuunganishwa.

Hospitali walimpasua, mfupa ukakubali, lakini mapafu yakakataa. Muuguzi alipomuuliza jina lake ili kupima akili zake, mzee alimtazama kwa makini kama anayekagua mtego, kisha akajibu, "Bubu wa nyumbani." Muuguzi akadhani anaweweseka. Kitinda, aliyekuwa akikunja shuka miguuni pa kitanda, alitoka kwenye korido akakaa sakafuni.

Mzee alifariki kabla ya mwezi kuandama. Kaka mtu alikuwa amefika, na wote wawili walikuwa wameshika mkono mmoja mmoja.

Baada ya maziko, wageni walipopungua, kaka alimkuta dada yake sebuleni na kompyuta mapajani. Alikuwa anafuta akaunti ya mzee.

"Kufuli nililidai mimi," kaka akasema.

"Nililitia mimi, kaka."

"Ungeniambia hapana."

"Ningekuambia hapana, yule mtu wa dirishani angerudi."

Kaka alikaa kwenye zulia, akaegemea kabati, na wakabaki hivyo hadi mshonaji alipowaletea chakula akawaamuru wale, akisema njaa haijawahi kumrudisha marehemu.

Kazini walimpa siku za kutosha. Aliporudi alikuta agizo la nyumba moja ya kutunzia wazee, linalotaka mpangilio uleule wa neno la siri na tokeni. Mkuu wake alitaka kumpa mtu mwingine. Kitinda alisema kazi hiyo ataifanya yeye. Akaifanya yote kwa utaratibu, isipokuwa aliliacha ombi la kuita msaada wazi, bila neno wala kibali. Mkuu alipoliona alimwita, akasema hilo ni tundu, mtu yeyote anaweza kulichezea.

"Acha walichezee," Kitinda akajibu. "Afadhali muuguzi akimbie bure mara mia."

Mkuu alivuta kalamu, akatia saini.

Jioni hiyo alirudi nyumbani, akafungua madirisha ya sebule, akapangusa kabati. Chakula alichopika kilikuwa cha watu wawili kwa mazoea, akakigawa na kumpelekea mshonaji. Simu iliita mfukoni. Alikuwa kaka yake, hana habari yoyote mpya, anauliza tu amekula nini.

Akamwambia. Kisha akamuuliza na yeye.