Jeli Tatu na Mkunga Mstaafu

Maabara ya chuo ilipofungwa wiki tatu ili nyaya za umeme zibadilishwe, nilileta jeli zangu nyumbani Kanombe katika mtungi wa kioo, nikiupakata ndani ya basi. Vilikuwa vipande vitatu vya polima, kila kimoja kama kifungo cha koti. Kwenye maji ya baridi vilijaa vikawa angavu, huvioni mpaka uinamishe mtungi. Kwenye maji ya vuguvugu vilisinyaa, vikatoa maji, vikawa vyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Utafiti wangu ulikuwa kuvipa joto na baridi kwa zamu, na kuandika kila badiliko linachukua dakika ngapi, mpaka vichoke.

Mama mkwe wangu alikuwa akikaa nasi. Alikulia Bujumbura, akasomea ukunga, akaufanya huko na hapa mpaka alipostaafu. Tangu siku hiyo alikuwa akipanga upya kabati la vyombo.

Aliuchunguza mtungi. "Mukazana wangu, hii kitu iko nzima?"

"Haina uhai, Mama. Inaiga tu vitu vyenye uhai."

"Inakunywa?"

"Inafyonza maji."

"Na kutoa?"

"Inatoa."

"Sasa ukienda kufundisha, nani anabaki nayo?"

Asubuhi nilikuwa nafundisha kemia katika shule moja ya Muhima, na swali hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamkabidhi chupa ya chai yenye maji ya moto, kipimajoto na daftari. Kipimajoto alikiweka pembeni. Alichanganya maji kwenye beseni, akatumbukiza kiwiko kama anayemwandalia mtoto mchanga maji ya kuoga, akasema, "Tayari." Nilipima. Nyuzi thelathini na nane.

Jioni nilisoma daftari. "Saa tatu. Namba moja: amefunguka vizuri. Namba mbili: amejikunja, mweupe, hana maumivu. Namba tatu: mvivu, nimemhimiza."

"Umemhimizaje, Mama?"

"Nimeongea naye."

Muda aliouandika ulikuwa sahihi kuliko wangu, kwa hiyo niliunakili kama ulivyo.

Wiki ya pili nilirudi nikakuta namba tatu yuko peke yake kwenye kikombe, amekuwa mdogo kama punje ya harage.

"Alikuwa anakauka," mama mkwe akaniambia. "Nimempa maji ya chumvi na sukari."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikamweleza kwamba polima ile haifanani na mtoto mwenye kuhara. Chumvi inaiondolea nguvu ya kushika maji, na ukizidisha chumvi nayo inazidi kusinyaa. Alisikiliza, mikono mapajani.

"Kumbe ni mimi nimemumaliza."

Nilikuwa nahesabu kazi ya wiki nzima iliyoharibika. Nilipoinua macho, alikuwa ameshaingia chumbani na kufunga mlango. Hakutoka kula. Mume wangu aliniuliza nimemfanya nini mama yake. Nikasema ni mambo ya chumvi, akadhani nazungumzia mboga.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilianza kumbadilishia namba tatu maji safi, na mara ya tatu mama mkwe akaja akavuta kiti bila salamu. Tulibadilisha maji mpaka mchana. Ilipofika saa tisa kile kipande kilikuwa kimefunguka, angavu kabisa. Nilimshika mkono. Aliutoa taratibu ili achukue kalamu, akaandika: "Amerudi."

Profesa wangu alisoma daftari lote bila kucheka. Alisimama kwenye ukurasa wa chumvi, ambako vipimo vyote vilikuwapo: nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya sukari, lita moja ya maji.

"Rudia hili," alisema. "Vyote vitatu. Safari hii kwa makusudi."

Nilimfikishia mama mkwe ujumbe huo nikidhani atafurahi.

"Mimi hapana," akasema. "Kama sijui, sawa. Sasa najua."

Basi niliifanya kazi hiyo mwenyewe siku ya Jumapili, yeye akiwa kwenye misa. Aliporudi saa sita alivua kitenge cha kanisani, akasoma daftari, akavibadilishia vyote maji bila kuniuliza. Kwenye tasnifu yangu grafu ya chumvi inaishia saa sita mchana. Hakuna mtahini aliyeuliza kwa nini.