Ufa Chini ya Rangi ya Bluu

Msumari ulikuwa mtupu. Bi Chaki alisimama mlangoni mwa banda lake la baiskeli, mfuko wa nguo ungali begani, vumbi la safari lingali miguuni, akautazama ule msumari kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa akakuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Siku tatu tu alikuwa ameondoka, kwenda kumuuguza dada yake. Kwenye msumari ule alikuwa ametundika fremu ya baiskeli ya milimani yenye ufa, ameichora msalaba mkubwa kwa chaki. Kila aliyewahi kushika spana humo ndani alijua maana yake: hii imekufa, isiguswe.

"Shemeji, ile fremu iko wapi?"

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amechuchumaa akipaka cheni mafuta. Hakuinua kichwa. "Karibu kwanza, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa hajambo. Nimekuuliza fremu."

"Nimeiuza." Hapo ndipo alipoinua uso, meno yote nje. "Nimeipiga bluu, nikaifungia magurudumu yale mazuri. Ukiiona utaapa imetoka dukani jana! Yule mkunga wa zahanati ya bondeni kaichukua. Hata hakubembeleza bei."

Watu husema hasira hupanda. Ya Bi Chaki ilishuka. Ilimshukia kwenye sauti.

Jina lile la Bi Chaki alipewa kwa dhihaka. Alikuwa akinunua baiskeli kuukuu za milimani, zile za matairi manene yenye meno, kwenye yadi ya vyuma chakavu zinakouzwa kwa kilo kama viazi. Mfuko wake mwembamba haukumruhusu kuchagua, basi alinunua maiti tatu akazalisha mzima mmoja: magurudumu ya huyu, breki za yule, usukani wa yule mwingine. Hayo kila fundi aliyafanya. Lakini wenzake walipaka rangi kwanza. Yeye hakupaka mpaka fremu imejibu. Aliisugua kwenye maungio hadi chuma kitupu, akaipaka mafuta ya taa, akaiacha inywe, akaifuta ikakauka, kisha akaipaka chaki. Kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele wa mtoto, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka taratibu yakachora mstari mweusi juu ya weupe. "Unazifundisha baiskeli kuandika?" wenzake walimcheka. Aliwaacha wacheke. Mumewe aliwahi kukatikiwa na fremu mteremkoni, akaacha meno manne juu ya mawe, na mkono wake wa kulia haukunyooka tena hadi alipokufa baadaye kwa maradhi.

"Na ufa?" aliuliza sasa, kwa sauti ndogo.

"Niliuziba, shemeji. Gundi ya chuma, msasa, rangi. Watu hawanunui mifupa, wananunua ngozi."

"Meno ya kaka yako aliyaokota nani?"

Shemeji akarudi kwenye cheni yake.

"Nimekuuliza wewe, mtoto wa mama mkwe wangu. Aliyaokota nani?"

"Mimi."

"Ukayafunga kwenye leso, ukaniletea, unalia. Leo umejifunza kupaka bluu."

Alipiga simu ya mkunga mara nne. Iliita hadi ikakata. Akatupa mfuko wa nguo chini, akatia kisu, msasa, kichupa cha mafuta ya taa na chaki ndani ya mkoba, akaitoa baiskeli yake mwenyewe, ile nyekundu aliyoiunda kwa miezi minane na ambayo hakupata kumuazima mtu. Njia ya zahanati ilikuwa mteremko mmoja mrefu wa kokoto na makorongo. Alishuka vidole vimebana breki hadi vikafa ganzi, na kila kona alichungulia mtaroni, akiogopa kuona bluu.

Bluu aliikuta imeegemezwa ukutani mwa zahanati, inang'aa, nzima. Alipumua. Kisha akakasirika upya, maana kweli ilikuwa imependeza.

Mkunga alitoka akikausha mikono, mwanamke mfupi wa maneno mafupi. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka kwa pua.

"Mama, nimenunua, nimelipa, nimepanda. Leo umepata mteja wa bei kubwa zaidi, ndiyo baiskeli yangu imeota ufa?"

"Sijapata mteja. Fremu hii ni mbovu."

"Mbona shemeji yako aliisifu kama bibi harusi?"

"Huyo ataisifu hata jeneza. Nipe robo saa. Nikikuta nzima, rangi naipaka upya kwa mkono wangu na kila mwezi nakuhudumia bure."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu afe."

"Basi kwangua," mkunga alisema, akakunja mikono kifuani. "Ila ujue nina mama mwenye uchungu ndani. Akiniita, naondoka, na baiskeli yangu unaiacha hapo hapo."

Bi Chaki akaipindua baiskeli miguu juu. Chini ya shingo, pale bomba kubwa linapokutana na usukani, akaanza kukwangua. Rangi ilitoka kwa magamba. Chini yake ikatoka gundi, ya kijivu, ikimwagika kama unga uliooza. Akasugua kwa msasa mpaka chuma kikamwangalia. Akapaka mafuta, akangoja. Mkunga aliitwa ndani, akaenda, akarudi. Bi Chaki akafuta, akapaka chaki.

"Sasa?" mkunga aliuliza.

"Sasa tazama."

Mwanzo ilikuwa nukta. Nukta ikawa mstari, mstari ukatambaa, ukazunguka bomba zaidi ya nusu. Bi Chaki alipouacha siku tatu zilizopita, haukufika hata robo.

Mkunga aliinama. Kicheko cha pua kilikuwa kimemwisha.

"Juzi nilimpakia binti yangu nyuma," alisema. "Tukashuka mteremko wote. Akawa ananiambia, mama usishike breki, mama twende. Sikushika." Akajiinua, uso umebadilika. "Mmeniuzia nini nyie watu?"

Bi Chaki hakusema ni shemeji. Banda lilikuwa lake na jina lilikuwa lake. "Nimekuuzia kifo," alijibu. "Nimekuja kukichukua." Akaisogeza baiskeli yake nyekundu hadi ukutani. "Hii ni yako. Usinishukuru."

"Sikushukuru," mkunga akasema, na hakushukuru. "Nawe utarudi na nini?"

"Na miguu."

Alipanda kile kilima akiisukuma bluu, jua likimchoma kisogo, na kila hatua alimtukana shemeji tusi jipya, mengine akiyarudia kwa kuwa yalikuwa mazuri. Alipofika bandani alimkuta amefagia, ameosha hata vikombe.

"Umeirudisha! Shemeji, hasira hasara, tukae tuzungumze."

"Panda."

"Nini?"

"Si umeiziba? Gundi ya chuma, msasa, rangi. Kile pale kilima. Panda, ushuke, na breki usishike."

Shemeji alitazama mstari mweusi chini ya shingo. Akatazama kilima. Mikono yake ikaingia mifukoni yenyewe.

"Kumbe unajua," Bi Chaki alisema. "Nilidhani ni ujinga. Ujinga ningeusamehe."

Akaibana fremu kwenye jiriwa, akachukua msumeno wa chuma. "Shika huku." Akashika. Bi Chaki akakata bila kupumzika, vumbi la chuma likimwangukia shemeji mikononi naye asithubutu kujikung'uta, hadi fremu ikawa vipande viwili ambavyo hakuna rangi duniani ingeviunganisha.

"Ngapi nyingine?"

"Hii tu, shemeji. Haki ya kaka."

"Kaka muache apumzike." Akamwekea mbele kichupa, msasa na boksi zima la chaki. "Kesho asubuhi unaanza. Kila baiskeli uliyouza tangu mwaka jana, nyumba kwa nyumba. Unabisha hodi, unasema wewe ni nani na umefanya nini, unakwangua wakikuona. Itakayochora mstari, unairudisha hapa, na baiskeli yako mwenyewe unawaachia, kama nilivyoacha nyekundu yangu."

"Watu watanicheka, shemeji. Watanitukana."

"Ndiyo," Bi Chaki alisema, akaenda kunawa.